Mshale wa mafuta umelala? Kabla hujanunua dashibodi nyingine, anza hivi nyumbani

Wadau wa kupeleka mizigo, leo tuongee dashibodi. Najua hapa tumezoea kuongelea bei, vifungashio na wale wateja wa "mwisho ngapi" wanaopotea. Lakini wengi wetu mzigo unamfikia mteja kwa gari letu wenyewe, na gari lenyewe ni kirikuu, Noah au Probox ya mkono wa tatu ambayo mshale wa mafuta ulishalala zamani. Ukimuuliza mwenyewe anakwambia, "Aah, nimeshaizoea." Sasa tupige hesabu ya huko kuzoea.

Mimi niko Ikwiriri. Nauza mchele na samaki wakavu mtandaoni, wateja wangu wengi wako Kibiti, Mbagala na Temeke. Njia yangu ni hiyo hiyo moja, Barabara ya Kilwa, na usafiri wangu ni kirikuu. Haya ninayoandika mengi nimeyafanya kwa mkono wangu hapa uani, mengine nimeyaona kwa fundi umeme wetu wa stendi, ambaye bahati nzuri hachoki kuulizwa.

Kuna jamaa hapa kwetu anachukua kamba Nyamisati, anawapanga kwenye maboksi ya barafu, anapeleka Dar kwa wateja ambao wameshalipa. Siku hiyo mshale ulikuwa unasema nusu tenki. Gari likazima njiani saa saba mchana, jua la Rufiji mnalijua. Mpaka bodaboda inafika na kidumu cha petroli, barafu ilishakuwa maji. Kamba waliofika hawakuwa wale waliopigwa picha asubuhi. Wateja wawili wakataka hela yao, na akairudisha, maana angefanyaje? Tenki lilikuwa tupu muda mrefu tu, mshale ndio ulikuwa umekwama.

Hiyo ni ya mafuta. Mshale wa joto ni hatari zaidi, kwa sababu wenyewe ukidanganya unaondoka na injini. Injini ya kirikuu ni ya sisi 660 tu, unaibebesha magunia, imejificha huko chini. Ikichemsha bila wewe kujua, silinda hedi inapinda na gasketi inakufa. Utakuja kujua ukiona moshi, na hapo umeshachelewa. Magari mengi madogo ya Toyota hayana hata mshale wa joto, yana taa mbili, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Ikiungua ile nyekundu, gari halina tena wa kukuonya.

Spidi nayo mnaijua. Kuanzia Mbagala mpaka huku kwetu ni vijiji na vibao vya 50, na tochi haichagui mfanyabiashara mdogo. Kosa moja ni shilingi 30,000. Ukienda kwa kukisia, ipo siku utakisia vibaya.

Na kilometa je? Hii ndiyo watu wengi hawaihesabu. Bila kilometa huwezi kujua kupeleka mzigo kunakugharimu shilingi ngapi, unamtajia mteja bei ya kichwani. Hesabu ni hii: jaza tenki mpaka pampu ikate, andika kilometa. Zunguka na mizigo yako. Siku ukijaza tena mpaka ikate, angalia umeweka lita ngapi na umetembea kilometa ngapi. Tuseme umetembea 240 na umeweka lita 20, hiyo ni kilometa 12 kwa lita. Kama lita moja ni 3,000, kila kilometa inakula 250. Ikwiriri hadi Kibiti ni kama kilometa 30, kwenda na kurudi 60, kwa hiyo mafuta peke yake ni 15,000. Sasa kama mteja wa Kibiti umempelekea mzigo mmoja kwa 10,000, umemlipia nauli mteja wako na wala hakukushukuru.

Wakati mita bado imekufa, washa programu ya spidi inayotumia GPS kwenye simu. Ukishaipakua haihitaji bando barabarani, inakupa mwendo na umbali. Haitakwambia joto wala mafuta, lakini si haba.

Haya, twende kwenye kazi yenyewe. Ninaposema mita namaanisha kile kipande kizima nyuma ya usukani chenye mishale, taa na namba. Kitu cha kwanza kukijua ni kwamba mita inapokea habari tu. Habari ya mafuta inatoka kwenye floti ndani ya tenki, ya joto inatoka kwenye sensa ya maji ya injini, ya mwendo inatoka kwenye giaboksi. Zote zinapita kwenye waya, soketi, fyuzi na ethi kabla hazijafika machoni pako. Ndiyo maana mtu ananunua mita nyingine Ilala, anaifunga, na mshale unalala vile vile. Mita ilikuwa nzima siku zote.

Kwa hiyo usifungue kitu kwanza. Kaa kwenye kiti, washa swichi tu bila kupiga stata. Taa za tahadhari zinatakiwa ziwake: ya oili, ya chaji, ya injini na nyinginezo kulingana na gari. Piga stata, zinatakiwa zizime. Taa ambayo haikuwaka kabisa imeungua, au kuna mtu aliichomoa ili akuuzie gari bila maswali. Taa ya oili isipowaka kwenye jaribio hili, usisafiri na mzigo mpaka ujue kwa nini.

Halafu hesabu vilivyokufa. Kikifa kitu kimoja, tafuta kwenye njia ya kitu hicho kimoja. Vikifa vingi kwa pamoja, tafuta mahali vinapokutana. Mishale yote ikilala kwa mpigo, nenda kwenye fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za zamani kuna fyuzi imeandikwa GAUGE, ya ampia 10, na mara nyingi hiyo hiyo inalisha taa za rivasi. Ukikuta mishale imelala na taa za rivasi haziwaki, umeshapata jibu hata kabla ya kushika bisibisi. Magari mengine imeandikwa METER. Soma kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi.

Weka fyuzi ya ampia ile ile. Ikiungua tena kuna waya unagusa bodi mahali, tafuta huo waya. Tafadhali sana, msifunge waya mtupu au karatasi ya sigara kwenye nafasi ya fyuzi. Nimeona gari limeungua waya zote chini ya dashibodi kwa ujanja huo, na fyuzi ni bei ya andazi.

Dalili nyingine ni mishale kucheza ukiwasha taa kubwa au indiketa, au mshale wa mafuta na wa joto kupanda na kushuka pamoja. Hapo shuku ethi, yaani ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Na hapa kuna jambo letu sisi wa huku hasa.

Tunaobeba samaki na kamba wenye barafu, yale maji yanayochuruzika ni ya chumvi. Yanapita kwenye bodi ya kirikuu, yanadondokea chesisi, na huko chini ndiko iliko boliti ya ethi ya tenki la mafuta. Chumvi inakula pale taratibu. Baada ya miezi kadhaa mshale wa mafuta unaanza kudanganya, leo robo kesho nusu, mwisho unalala. Mwenye gari analaumu dashibodi, kumbe ni maji ya kamba. Magari yaliyokaa kwenye mafuriko ya Aprili 2024 huku Rufiji na Kibiti yana shida ya aina hiyo hiyo: nje limeoshwa linang'aa, ndani ya soketi kuna kutu ya kijani.

Kupima ni rahisi. Chukua waya mrefu, unganisha ethi ya floti moja kwa moja na hasi ya betri, kisha washa swichi. Mshale ukifufuka, tatizo ni ethi. Zima swichi, toa waya wako, fungua ile boliti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza vizuri, paka grisi juu. Mimi yangu ilipona hapo hapo, sikununua chochote zaidi ya msasa. Tangu hapo natandika turubai chini ya maboksi, na nikirudi namwagia chesisi maji baridi ya kisima kuondoa chumvi.

Kama ethi ni nzima, jaribu hivi kwa magari ya zamani yenye mita ya kawaida. Zima swichi, chomoa soketi ya waya wa floti, washa swichi. Mshale unatakiwa uwe chini. Sasa chukua balbu ndogo ya wati 3.4, upande mmoja uguse waya unaokwenda kwenye mita, upande wa pili uguse ethi safi. Mshale unatakiwa upande kuelekea kujaa. Mingine ni mizito, ipe dakika moja au mbili. Ukipanda, mita yako na waya ni vizima, mbovu ni floti. Usipopanda, tatizo liko kwenye waya au mita yenyewe. Ile balbu ina kazi yake, inazuia umeme mwingi usiiunguze mita, kwa hiyo usiiruke ukagusisha waya mtupu.

Ukiwa na malitimita pima floti yenyewe pia. Toyota nyingi zinatoa kama omu 3 tenki likiwa limejaa na kama omu 110 likiwa tupu. Namba ikirukaruka au isiposoma kabisa, floti imekufa. Hapo mimi naishia. Kufungua tenki la petroli nyumbani, jirani anapika kwa mkaa na watoto wanapita, sikushauri hata kidogo. Mpe fundi, na upeleke gari likiwa na mafuta kidogo. Magari mapya ambayo mita inaongea na kompyuta nayo yaache, yanataka mashine ya kusoma.

Tuseme sasa umehakikisha tatizo liko kwenye mita, au ni balbu tu za kumulikia. Kuitoa si kazi ya kutisha. Chomoa hasi ya betri kwanza, spana namba 10 inatosha. Kama usukani una eabegi subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote, na usukani wenyewe usiufungue kabisa. Shusha usukani chini kama unashuka. Kuna fremu ya plastiki inayozunguka mita, skrubu zake mara nyingi ziko juu, zimejificha kwenye kivuli. Ukitoa fremu utaona skrubu tatu au nne za mita yenyewe. Piga picha kila hatua, na skrubu ziweke kwenye kopo kwa mpangilio, maana zipo ndefu na fupi, na ndefu ukiiweke pa fupi inapasua plastiki.

Vuta mita taratibu. Nyuma kuna soketi, bonyeza kile kidole chake ndipo uvute. Usivute kwa waya. Gari la zamani lina kebo ya spidi, nayo ina kibanio. Laza mita kwenye kanga safi, mbali na mchanga.

Balbu zimekaa kwenye vishikio vya plastiki, unazungusha robo mzunguko zinatoka. Nenda dukani na ile mbovu mkononi. Ukiweka za LED na moja ikagoma, igeuze, zina upande. Lakini balbu ya taa ya chaji weka ya kawaida. Kwenye magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta. Ikiungua, altaneta inaweza isichaji baada ya kuwasha gari, na LED inaweza isipitishe umeme wa kutosha. Watu wamenunua betri mpya mara mbili kwa sababu ya balbu ya mia chache.

Nyuma ya mita nyingi kuna karatasi ya plastiki yenye njia za shaba, na mahali soketi inapoingia huwa panapata weusi. Futa kwa raba ya penseli, polepole, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti, acha ikauke. Nyingine zina bodi kama ya redio. Angalia pini za soketi zilipochomewa. Ukiona duara dogo jeusi limeizunguka pini, risasi imeachia. Dalili yake ni mita inayozima kwenye matuta na kuwaka ukiipiga kofi. Hiyo fundi redio anaichomea upya kwa dakika kumi. Kama huna mkono wa kazi hiyo mpelekee mita yenyewe, huhitaji kumpelekea gari.

Spidi isiyofanya kazi pamoja na kilometa kwenye gari la kebo, kebo imekatika. Mshale ukitetemeka, kebo imekauka au imekunjwa vibaya. Hata pikipiki nyingi za mizigo ni hivyo hivyo, kebo inatoka kwenye gurudumu la mbele, kazi ya robo saa. Magari yasiyo na kebo yana sensa kwenye giaboksi, angalia soketi yake kama ina matope.

Kioo cha mita kikiwa na mikwaruzo, dawa ya meno na kitambaa laini vinasaidia. Lakini ukishatoa kioo usiguse mishale. Ukiuzungusha au kuuchomoa kwa kidole, hautarudi kwenye kipimo chake, na mshale wa joto unaodanganya kidogo ni mbaya kuliko uliokufa, maana huu unauamini.

Na namba za kilometa msizichezee. Ukilazimika kufunga mita ya gari lingine, inakuja na kilometa za huko ilikotoka. Andika kwenye karatasi tarehe, kilometa za mita ya zamani na za mpya, uiweke na kadi ya gari. Utaihitaji kwa ratiba ya oili, na siku ukiuza gari mwonyeshe mnunuzi. Magari ya Japani huja na karatasi zenye kilometa, mnunuzi makini atalinganisha, na sisi tunaouza mtandaoni jina likishachafuka kwenye magrupu ya WhatsApp hatuna pa kulisafishia.

Ukiagiza mita ya mtumba kutoka Dar, mwombe muuzaji picha ya nyuma. Linganisha namba iliyo kwenye lebo, idadi ya soketi na idadi ya pini. Mita ya gari la oto na la gia za mkono si moja hata kama sura zinafanana. Na kama wewe ndiye unayeuza spea, piga picha hizo hizo, andika kilometa zilizopo na kama uliijaribu kwenye gari au hukuijaribu. Ukiituma kwa basi usitoe kioo chake, zungushia godoro jembamba, weka boksi gumu, na uandike juu kwa herufi kubwa kisiwekewe mzigo. Utingo akikwambia "itakaa salama tu, bosi," mwombe aiweke mbele, karibu na dereva.